Konokono Aliyezunguka Mara Moja na Nusu

Wazazi wangu mliofika leo, shikamooni. Wenzangu, habari za asubuhi. Naomba waliokaa nyuma wasogee mbele kidogo. Sauti yangu inawafikia, najua, lakini baadaye nitataka kuona midomo yenu.

Naitwa Yoeli. Nimezaliwa milimani, juu ya Kilosa. Kwa baba na mama tuko wawili tu: dada yangu Eunike, huyu aliyekaa pembeni yangu, na mimi niliyemfuata baada ya miaka minne. Eunike ni kiziwi tangu akiwa na miaka mitatu. Mimi nilikua nikisikia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kwa mikono kwamba mama anaita, mvua inakuja, nyuma kuna baiskeli. Lugha yetu ya mikono tuliitunga wenyewe, na hakuna mtu mwingine duniani aliyeijua.

Kijijini kila mtu alikuwa na sababu yake kuhusu Eunike. Bibi alisema ni kwinini, ile dawa ya malaria. Jirani alisema kuna mtu alitutazama kwa jicho baya. Mama alisema ni homa. "Alishikwa na homa kali, nikachelewa kumpeleka hospitali," alikuwa akisema. Alilisema hilo bila kulia, kama mtu anayetaja jina lake.

Eunike alipofika miaka kumi na minne, shingo yake ilianza kuvimba kwa mbele. Tezi. Milimani kwetu tezi si ajabu. Tukaambiwa tununue chumvi yenye madini joto. Tukanunua mwaka baada ya mwaka, na tezi ikabaki pale pale. Nilimuuliza baba kwa nini chumvi haifanyi kazi kwake tu. Baba akanijibu, "Yoeli, wewe utakuja kumhoji hata marehemu."

Labda ni udadisi huo ulionipeleka Mikumi. Nilipomaliza shule nilipata kazi kwenye kambi moja ya watalii, na baada ya miaka michache nikawa mwongozaji wa matembezi ya miguu. Kazi ile unaifanya kwa masikio zaidi ya macho. Nyasi zikiwa ndefu humuoni nyati, lakini unamsikia ndege anayekaa mgongoni mwake akiruka. Nilimwoa Salome, binti wa Kimamba, tukapanga chumba na sebule karibu na barabara kuu. Jumapili jioni nilicheza mpira, beki wa kati. Mpira wa juu ulikuwa wangu. Nilikuwa nausubiri, naruka, naupiga kichwa mpaka unavuka katikati ya uwanja.

Siku iliyoanzisha haya tulikuwa tunacheza na wakata miwa kutoka Kidodi. Kona ilipigwa, nikaruka, na mshambuliaji wao akaruka. Tukagongana vichwa. Sikuzimia. Niliinuka mwenyewe, nikajipangusa. Nikamwona mwamuzi anapuliza filimbi, mashavu yametuna, lakini filimbi hailii.

Nilidhani anatania. Kisha uwanja ukaanza kuzunguka. Ulizunguka kuelekea kulia, ukifika mwisho unarudi ghafla, unaanza tena. Nilikaa chini, nikatapika chai na chapati nilizokula mchana. Wenzangu walinibeba hadi nyumbani. Kwa siku tatu sikuweza kusimama. Kwenda chooni nilitambaa nikiwa nimeegemea ukuta, na Salome anasukuma ndoo mbele yangu kwa mguu ili nisichafue sakafu. Nikifunga macho nazunguka, nikiyafungua nazunguka. Sikio la kushoto lilifunguka usiku ule ule, lakini la kulia lilikuwa limejaa, kama umeingia mtoni maji yakakataa kutoka, na ndani yake nyenje wanalia bila kupumzika.

Zahanati walinimulika masikio. Tabibu alikuwa kijana mpole. Akasema, "Ngoma ya sikio ni nzima. Nta hakuna. Usaha hakuna. Kaka, mimi hapa sijui. Nenda kwa daktari wa masikio."

Mpaka leo namshukuru kwa lile neno "sijui". Ndilo lililokuwa kweli, na mimi sikulifuata. Siku ya kumi niliamka nikasikia jogoo wa jirani vizuri, nikasema nimepona. Jumapili iliyofuata nikarudi uwanjani, na kama mjinga, nikapiga kichwa.

Nilikaa salama miezi kadhaa. Kisha siku moja gari la kambi lilitumbukia kwenye shimo, nikarushwa kidogo, kichwa kikagonga chuma cha juu. Kidogo tu. Mgeni aliyekaa nyuma yangu aligonga chake kwa nguvu zaidi, akacheka. Mimi nilicheka naye. Asubuhi yake sikio la kulia lilikuwa limekufa kabisa, na la kushoto limepungua.

Hapo nilianza kujiuliza. Mbona kugongwa kidogo vile? Vichwa vya watu vinagongwa kila siku. Nilinunua daftari nikaanza kujipima. Nilisugua vidole karibu na sikio la kushoto nikaandika kama nasikia. Wa kwanza kupotea walikuwa ndege wadogo, halafu nyenje wa porini, wale wa kweli, huku wa ndani ya sikio wakiendelea kulia. Baadaye ikawa simu. Salome akisema "sita", mimi nasikia "ita". Nikaandika: *herufi S imeondoka.*

Daftari nililificha, na ugonjwa nikauficha. Salome alikuwa na mimba ya miezi minne, nami niliogopa kupoteza kazi. Nilijifunza kusoma midomo. Nilijifunza kucheka wengine wanapocheka. Kwenye matembezi nilimwambia askari wetu wa wanyamapori, Matiku, atembee kushoto kwangu, nikasingizia jua.

Ndugu zangu, hili nalisema kwa aibu. Asubuhi moja niliongoza wageni wawili, mama na binti yake. Matiku alikuwa nyuma. Nilikuwa nimeinama nawaonyesha nyayo za fisi, naeleza kwa furaha jinsi ya kutofautisha ya mbele na ya nyuma. Upande wangu wa kulia tembo jike mwenye mtoto alikuwa anavunja matawi, anakuja. Wageni walisikia. Matiku alisikia, akaniita mara tatu kwa jina. Mimi niliendelea na fisi wangu. Nilichohisi ni mkono uliokamata shati langu mgongoni ukanivuta, vifungo viwili vikakatika. Tulirudi kinyumenyume, taratibu, mpaka kwenye korongo. Tembo alisimama, akapanua masikio yake, akatuacha.

Tulipokuwa salama Matiku alinishika mabega, akanigeuza nimtazame. Alikuwa hana hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Akasema polepole, "Yoeli. Wewe husikii."

"Sisikii," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka.

Siku hiyo hiyo nilienda kwa meneja wetu nikamweleza yote. Akasema, "Kazi nyingine utapata hapa hapa. Lakini kwa miguu hutoki tena. Na kesho unaenda hospitali, nisikuone hapa." Nikamuaga nikaondoka.

Kabla ya hospitali nilipita Kilosa kwa Eunike. Ana banda lake la ushonaji karibu na soko. Alinitazama nilivyoingia. Mtu aliyeishi bila kusikia anamjua mwenzake mlangoni: nilikuwa nageuza kichwa kutafuta midomo. Alisimamisha cherehani. Akaja, akaweka vidole viwili kwenye koo langu, akaniashiria nimeze mate. Nikameza. Akashika tena. Kisha akachukua mkono wangu akauweka mahali pale pale. Kulikuwa na uvimbe mdogo, laini, unaopanda na kushuka. Nilikuwa nao sijui tangu lini. Ninyoapo ndevu naupita kila siku.

"Na wewe," akasema kwa mikono. Halafu akauliza, "Ulianguka?"

Nikamwonyesha: kichwa, mpira, gari.

Alichukua kalamu, kwa kuwa lugha yetu ya utotoni haikutosha. Aliandika nyuma ya karatasi ya kukatia nguo: *Mimi pia nilianguka. Ni kitu cha kwanza ninachokumbuka. Saruji, damu mdomoni, na jogoo anafungua mdomo bila sauti.*

Yeye alikuwa na jogoo wake, mimi nina mwamuzi wangu. Tukafunga banda tukapanda milimani siku hiyo hiyo.

Mama alikuwa anachambua maharage. Nilimwamkia, nikamuuliza kama Eunike aliwahi kuanguka akiwa mdogo. "Alianguka barazani, ndiyo," akasema. "Mtoto gani haanguki? Ni wiki ile ile ya homa. Kwa nini unachimba mambo hayo?"

"Kipi kilitangulia, mama?"

Aliacha kuchambua, maharage mkononi. "Kuanguka," akasema. "Homa ilikuja baadaye."

Hospitali ya kwanza ilituandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Dar es Salaam. Tulipanda treni Kilosa watu watatu: mimi, Eunike na mama. Daktari wa masikio alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Nilimpa daftari langu. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, hata nikaona aibu. "Laiti wagonjwa wote wangeniletea hili," akasema. Alikuwa ameshajua kuongea akinitazama usoni.

Tulipimwa kwenye chumba kidogo kisichopitisha sauti. Unavaa spika masikioni, unabonyeza kitufe ukisikia mlio. Upande wa kulia nilikaa nimeshika kitufe mpaka nikadhani mashine imeharibika. Tukatolewa damu. Tukapigwa picha za CT skani, mimi na Eunike, kila mmoja kwa zamu yake.

Siku ya majibu daktari aligeuza kompyuta tuone. Alionyesha kwa kalamu. "Ndani kabisa ya sikio, kwenye mfupa, kuna kitu kama konokono. Ndicho kinachogeuza sauti kuwa habari za kwenda kwenye ubongo. Konokono wa watu wengi amejizungusha mara mbili na nusu. Wako, Yoeli, amezunguka mara moja na nusu, akaacha. Wa dada yako hivyo hivyo."

"Kwa nini aliacha?" nikauliza.

Alicheka. "Umeuliza swali langu. Sehemu tunaijua, sehemu bado tunatafuta." Akaeleza. Sikio la ndani linajengwa mapema mno, mtoto tumboni akiwa na wiki chache. Mwili hufuata maelekezo yaliyomo kwenye vinasaba. Kuna maelekezo ya kutengeneza mlango mdogo sana, unaopitisha chumvichumvi kwenye maji ya sikio. Kwetu maelekezo ya mlango huo yana kosa. Maji yakajaa, sikio likavimba wakati linajengwa, konokono akaishia njiani, na mfereji mmoja uliotakiwa kuwa mwembamba ukabaki mpana. "Huu hapa," akasema. Niliuona. Nimesoma nyayo maisha yangu yote, na ile ilikuwa nyayo ya jambo lililopita kabla sijazaliwa.

"Kichwa kikigongwa," daktari akaendelea, "tunadhani maji yanasukumwa kupitia mfereji huo na kuumiza chembe zinazosikia. Ndiyo maana mwenzako anagongwa anacheka, wewe unaamka kiziwi."

"Na tezi?"

"Mlango huo huo uko kwenye tezi ya shingo. Unapitisha madini joto. Chumvi yenu haikuwa na tatizo."

Nilijaribu kumtafsiria Eunike, nikashindwa, daktari akaandika. Eunike alisoma, akafikiri, akachora karatasi mbili za kukatia mkono wa gauni. Akaandika: *Moja ya baba, moja ya mama. Moja ikichanika unatumia nyingine. Zikichanika zote mbili mahali hapo hapo, mkono unatoka kombo.* Daktari aliomba abaki na ile karatasi.

Kisha akamgeukia mama. "Mama, samahani kuuliza. Wewe na baba yao mna undugu?"

Mama alitazama sakafu. "Baba yangu na mama mkwe wangu walizaliwa tumbo moja. Wazee walipenda hivyo, undugu usipotee."

"Si kosa," daktari akasema. "Hata watu wasio ndugu wanaweza kukutana kila mmoja na karatasi yake iliyochanika. Kwa ndugu inatokea kwa urahisi zaidi, basi. Na kila mimba, ni fungu moja kati ya manne kwamba mtoto atapata zote mbili. Nyinyi mlipata wawili kwa wawili."

Mama aliuliza kwa sauti ambayo mimi sikuisikia. Nilisoma midomo yake. "Kwa hiyo si homa?"

"Si homa, mama. Wala si kuchelewa. Sikio lilishajengwa hivyo kabla hata tumbo lako halijaonekana."

Mama alifungua mkoba, akatoa leso, hakuitumia, akairudisha. "Miaka thelathini na miwili," akasema.

Nyumbani tulimweleza baba. Aliomba aelezwe mara mbili. Halafu akamwambia mama, mbele yetu, "Kumbe mzigo ulikuwa wa wawili, ukaubeba peke yako."

"Na wewe ukaniacha niubebe!" mama akafoka.

"Ningejuaje, mwanamke?"

Wakaangaliana. Kisha mama akaanza kucheka, na kwa jinsi alivyokuwa anafuta macho sikujua kama bado ni kicheko.

Niliporudi Mikumi, kabla sijakaa, Salome aliuliza moja tu, mkono tumboni: "Na huyu?" Nilikuwa nimelibeba swali hilo hilo hadi kwa daktari, kwa hiyo jibu nilikuwa nalo. Mtoto lazima apate karatasi moja iliyochanika kutoka kwangu, kwa sababu mimi sina nzima. Ili awe kama mimi, inabidi Salome naye awe na kosa kwenye maelekezo hayo hayo, jambo ambalo si la kawaida lakini linawezekana. Binti yetu alipozaliwa tulimpeleka kupimwa akiwa na wiki tatu. Waliweka kitu kidogo kama kizibo sikioni mwake, amelala. Mashine ikasema anasikia pande zote mbili. Salome alilia mpaka nesi akampa kiti. Majibu ya damu yetu, mimi na Eunike, yalitumwa nje ya nchi yakachukua miezi, na yalipofika yalikuwa kama daktari alivyosema.

Sasa nisiwadanganye kuhusu kupona. Nilipewa vidonge vya kupunguza uvimbe, na sikio la kushoto likarudi kiasi. La kulia halikurudi. Tezi ilipimwa, inafanya kazi, inaangaliwa kila mwaka. Nilipewa kifaa cha kusikia cha kushoto. Nilitegemea siku ya kwanza nitafurahi. Nilikasirika. Mfuko wa plastiki ulikuwa na kelele kuliko mtu. Nilisikia ninavyomeza. Ilinichukua wiki nyingi ubongo kukubali, na siku moja nikiwa naosha vyombo Salome akasema "sita", nikasikia sita. Mwaka jana kusikia kulishuka tena, safari hii kwa mafua tu, bila kugongwa. Nikarudi kuzunguka na ndoo. Sehemu ilirudi. Naishi hivyo.

Mpira nimeacha. Hilo bado linaniuma, hasa Jumapili. Kazini nafundisha waongozaji wapya kusoma nyayo na vinyesi, na magari naongoza nikiwa na Matiku. Nimejifunza lugha ya alama yenyewe, ile ya shule, na mwalimu wangu ni Eunike, mkali kuliko walimu wote. Daktari alimweleza kuhusu upasuaji wa kuweka kifaa ndani ya sikio. Akamwambia pia kwamba kwa mtu mzima ambaye hakuzoea sauti, faida huwa ndogo. Eunike alijibu kwa kuandika: *Asante. Mimi siumwi.*

Ninachowaomba ni hiki. Mtoto akichelewa kuongea, au asipogeuka ukiita, mpelekeni apimwe mapema. Msikae kutafuta nani kamroga. Mwenye kusikia kunakopanda na kushuka alinde kichwa chake, avae helmeti kwenye bodaboda, na sikio likizima ghafla aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri siku kumi kama mimi. Mtoto mmoja katika nyumba akiwa hasikii, wote wapimwe. Na wewe mama unayejilaumu, nenda ukaulize kabla hujajihukumu. Namshukuru Mungu kwa tabibu aliyesema hajui, kwa daktari aliyesoma daftari, kwa Salome na ndoo yake, na kwa mkono wa Matiku mgongoni kwangu.

Mwenye swali asimame hapa mbele, mahali penye mwanga, aongee taratibu bila kupaza sauti. Eunike atajibu kwa mikono, mimi nitamsemea. Lakini anasema yeye ana swali lake kwenu kwanza. Anauliza hivi: watoto wenu wasiosikia, ambao mmewaleta leo na wamekaa nje pale kwenye ngazi, nani kati yenu ameshawauliza wao wanataka kujua nini?